Duka la Wawili, Jina la Mmoja: Mume na Mke Waisajili Vipi Biashara Yao?

Katika vijiji vya kata ya Bugwema, Musoma Vijijini, biashara ya mume na mke ni jambo la kawaida kabisa. Mmoja anakaa dukani, mwenzake anafuata mzigo Musoma au Bunda. Mmoja analima vitunguu na nyanya bondeni, mwenzake anatafuta wanunuzi na kusimamia upakiaji. Mashine ya kusaga, uwakala wa pesa za simu, duka la pembejeo, magunia ya dagaa kutoka mwaloni: kazi ni ya wawili, na watoto wakirudi shule wanaongeza mikono. Lakini soma leseni iliyobandikwa ukutani, jina ni moja. TIN ina jina lile lile. Laini ya uwakala nayo vivyo hivyo. Mteja akitoa pesa, ujumbe unaoingia kwenye simu yake unamtaja mtu mmoja tu, hata kama aliyemhesabia noti ni mwingine.

Mkanganyiko unaanzia hapo. Wapo wanaoamini ndoa peke yake inawafanya wote wawili wamiliki. Wapo wanaoamini mwenye leseni ndiye mwenye mali. Wengine wamesajili jina BRELA, wakala wa usajili wa biashara, wakadhani wamefungua kampuni, na wengine wanaliogopa neno kampuni, wakiona hayo ni mambo ya Mwanza na Dar es Salaam. Washauri nao wanapishana. Afisa biashara wa halmashauri atasema hili, afisa mikopo wa benki atasema lile, na kijana wa steshenari anayejaza fomu za mtandaoni kwa malipo atachagua ile aliyozoea kuijaza. Uamuzi wa kuifunga familia kwa miaka ishirini unafanyika kwa dakika kumi, mbele ya kompyuta ya mtu mwingine.

Njia zenyewe kwa Tanzania Bara ni tatu: biashara ya mtu mmoja, ubia, na kampuni. Kila moja ina gharama inayoonekana siku ya kusajili, na nyingine kubwa zaidi inayojitokeza siku ya deni, ya ugomvi au ya msiba. Uchambuzi huu unaipa uzito ile ya pili.

Karatasi zinasema nini, na hazisemi nini

TIN ni namba ya mlipakodi. Inaiambia TRA nani adaiwe. Leseni ni ruhusa ya kufanya biashara fulani mahali fulani kwa miezi kumi na miwili. Kwa maduka ya kawaida inatolewa na halmashauri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972, na siku hizi inaombwa kupitia mfumo wa Tausi. Cheti cha jina la biashara kinatoka BRELA chini ya Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213, na kinaeleza nani yuko nyuma ya jina lililopakwa juu ya mlango. Usajili huo hauzai mtu mpya mbele ya sheria. Jina likidaiwa, anayedaiwa ni mwenye jina, mpaka baiskeli yake na ng'ombe wake.

Hakuna hata karatasi moja kati ya hizo inayoamua kwamba mifuko ya sukari iliyopangwa dukani ni ya mume au ni ya mke. Hata hivyo si karatasi za kupuuza, kwa sababu ugomvi ukifika mahakamani ndizo zinazotolewa kama ushahidi, na ambaye jina lake halimo popote ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha.

Sheria ya Ndoa inaanzia wapi

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliandikwa kwa uangalifu kuliko inavyosimuliwa vijiweni. Kifungu cha 56 kinampa mke haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali, kufunga mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Kifungu cha 58 kinasema kuoana hakubadilishi umiliki wa mali, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vinginevyo. Kwa maneno mengine, sheria yenyewe inawaachia wanandoa nafasi ya kukubaliana kwa maandishi, na wengi hawaitumii.

Kifungu cha 60 ndicho kinachogusa duka moja kwa moja. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ni yake peke yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Iliyopatikana kwa majina ya wote wawili inachukuliwa kuwa ni yao kwa mafungu sawa. Tofauti ya mistari hiyo miwili ni kubwa. Kwa mujibu wa mstari wa kwanza, mke aliyekaa dukani miaka kumi na tano lazima ajenge hoja. Kwa mujibu wa mstari wa pili, anayetaka kumpunguzia ndiye anayepaswa kuijenga.

Ni kweli kwamba kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja pale ndoa inapovunjika. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali hiyo. Hukumu hiyo imewasaidia wanawake wengi, na inatajwa mpaka leo. Kinachosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu siku ile, kwa sababu mahakama iliona amekwisha kula fungu lake kwa kutapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Mahakama ya Rufani imelirudia hilo mara nyingi, na ushahidi wa biashara ya mume na mke kwa kawaida ni daftari la madeni lenye mwandiko wa watu wawili na kumbukumbu za mashahidi.

Jina la mmoja: njia inayochaguliwa bila kuchaguliwa

Biashara ya mtu mmoja ina sifa zake, na si haki kuibeza. Ni rahisi kuanza, haihitaji wakili wala mkaguzi wa hesabu, na kuifunga ni rahisi kama kuifungua.

Faida kubwa iko kwenye kodi. Mfumo wa kodi ya mauzo kwa wafanyabiashara wadogo, ulio katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, uliandikwa kwa ajili ya mtu binafsi. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka halipi kitu chini ya mfumo huo. Ndicho kiwango kilichotumika Desemba 2018 vilipotoka vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000. Mwaka 2019 Sheria ya Fedha ilipandisha ukomo wa juu wa mfumo kutoka milioni 20 hadi milioni 100. Kwa muuza mboga au fundi cherehani, ambaye sehemu kubwa ya mauzo ni faida, utaratibu huu ni nafuu. Kwa mwenye duka la sukari, unga na mafuta hali ni tofauti: faida yake kwa kila mfuko ni ndogo sana, lakini kodi inahesabiwa juu ya mauzo yote. Anaweza kulipa kodi mwaka ambao hakubakiza kitu. Mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kutoka kwenye mfumo na kutozwa juu ya faida, mradi aandae hesabu zake sawasawa.

Sifa ya pili haisemwi sana: jina la mmoja linamkinga mwingine. Mume akikopa kwa biashara yake na biashara ikaanguka, mali iliyo halali ya mke haimo kwenye deni hilo, kama hakutia saini. Familia yenye shughuli mbili, mke na banda lake la kuku na mume na usafirishaji wake, inaweza kwa makusudi kuziacha zikae kwa majina tofauti ili moja ikizama nyingine iendelee kulisha watoto. Huo ni mkakati wa maana, na unafaa pale kila mmoja ana chake. Haufai pale wote wawili wanatoka jasho kwenye duka moja.

Udhaifu wa njia hii unaonekana kwenye msiba. Mwenye jina akifariki, akaunti yake inasimama, leseni inakosa mwenyewe, laini ya uwakala inakosa wa kuijibia, na stoo nzima inakuwa sehemu ya mirathi. Kikao cha ukoo kinakaa kupendekeza msimamizi, jina linapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na wakati huo wote mzigo unaisha dukani bila pesa ya kuagiza mwingine. Katika jamii zinazofuata ukoo wa baba, kama zilivyo nyingi za mkoa wa Mara, kikao hicho mara nyingi kinaongozwa na ndugu wa marehemu. Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, lililoziandika sheria za kimila, linasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba watoto ndio watakaomtunza. Wajane wawili wa Shinyanga walilipinga tangazo hilo, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona Tanzania imekiuka haki zao.

Mjane anaweza kudai mchango wake mwenyewe kabla mirathi haijagawanywa. Lakini anadai akiwa kwenye matanga, mbele ya mashemeji, kwa duka ambalo kila karatasi inasema lilikuwa la marehemu. Na hali hugeuka vilevile kwa mume: zipo biashara zilizosajiliwa kwa jina la mke kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kitambulisho cha NIDA mapema, au kwa sababu mkopo ulipitia kwake. Akitangulia yeye, mume anajikuta anaomba kwa wakwe.

Ubia: majina mawili, deni moja

Ubia hauhitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Kanuni zake zimo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: watu wawili au zaidi wanafanya biashara pamoja kwa lengo la kupata faida. Jina la biashara linasajiliwa BRELA kama la mtu mmoja, ila wamiliki wanaoandikwa ni wawili. Ubia unachukua TIN yake, na leseni inatoka kwa jina la ubia.

Bila mkataba, sheria inajaza nafasi yenyewe: wabia wanagawana faida sawa kwa sawa, kila mmoja ana sauti katika uendeshaji, na kifo cha mmoja kinauvunja ubia. Karibu kila moja ya kanuni hizo inaweza kubadilishwa kwa mkataba. Cheti cha BRELA ni nusu ya kazi tu. Nusu iliyobaki ni mkataba wa ubia wa kurasa mbili tatu, ulioandikwa kwa Kiswahili ambacho wote wawili wanakielewa, wenye saini mbele ya wakili na mashahidi.

Mkataba huo useme nani alileta nini, na kazi ihesabiwe kuwa mtaji kama walivyokubaliana. Useme faida inagawanywaje na nani anatia saini benki. Uweke kiasi ambacho mmoja hawezi kukopa bila saini ya mwenzake. Kisha, na hapa ndipo watu wanaona aibu, useme itakuwaje mmoja akifariki, wakiachana, au mume akioa mke mwingine. Sheria ya Ndoa inatambua ndoa za mitala, na Mara zipo. Mke wa kwanza aliyeandikwa kuwa mbia ana fungu linalojulikana, na ndoa mpya haiwezi kulipunguza bila yeye kukubali. Asiyeandikwa atagombania na mke mwenzake kitu ambacho mmoja wao hakuwepo wakati kinajengwa, na ugomvi huo utawaumiza wote wawili. Kulizungumza jambo hilo mapema si kuitakia ndoa mabaya. Wazee waliokaa chini kuhesabu mahari mbele ya mashahidi walijua kwamba upendo na hesabu vinakaa nyumba moja.

Nguvu kubwa ya ubia ni kwamba nusu ya mbia aliye hai haiingii kwenye mirathi hata siku moja. Kikao cha ukoo kitajadili fungu la marehemu tu. Mkataba ukisema kuwa mbia aliyebaki ataendelea na biashara na kulilipa fungu hilo kidogo kidogo kwa warithi, duka halifungwi. Jambo hili moja, kwa maoni yangu, linazidi kwa uzito hoja zote za ada na fomu.

Kwenye kodi, ubia wenyewe haulipi kodi ya mapato. Faida inagawanywa kwenye karatasi na kila mbia analipia fungu lake. Chukua faida ya shilingi milioni 12 kwa mwaka, kwa viwango vya mtu binafsi vilivyoanza Julai 2021. Ikiwa yote ni ya mmoja, na anatozwa kwa faida, kodi ni 1,536,000. Ikigawanywa milioni 6 kwa 6, kila mmoja anapata sehemu yake isiyotozwa ya 3,240,000 na analipa asilimia 8 ya kinachobaki: 220,800 kwa mtu, 441,600 kwa wote wawili. Tofauti inazidi shilingi milioni moja. Gharama yake ni kutunza hesabu: ubia unawasilisha ritani yake, kila mbia anawasilisha yake, na unafuu wa kulipa kwa mauzo bila hesabu kamili usitegemewe. Kwa wenye faida ndogo ya milioni mbili tatu, usumbufu huo unaweza kuwa mkubwa kuliko kinachookolewa.

Udhaifu wa ubia ni deni. Kila mbia anamfunga mwenzake. Mume akichukua mzigo kwa mkopo kwa muuzaji wa jumla Musoma, kwa jina la ubia na kwa ajili ya biashara, mke naye amekopa, hata kama alikuwa shambani na hakujua. Mdai anaweza kumfuata yeyote kati yao na mali yake binafsi. Kwa wenzi wanaoaminiana, hatari hii ni sawa na ile waliyokwisha kuikubali walipooana. Pale mmoja ana tabia ya kubeti, au madeni ya siri, ubia unampa mamlaka ya kuizamisha familia nzima kwa saini moja, na ile kinga ya jina la mmoja inakuwa na thamani kuliko haki ya nusu kwa nusu. Kiwango cha mkopo kilichowekwa kwenye mkataba kinawabana wabia wenyewe kwa wenyewe. Muuzaji ambaye hakuambiwa habari zake hakimhusu sana.

Jirani zetu wa Kenya wana njia ya kati: sheria yao ya 2011 inaruhusu ubia wenye dhima yenye ukomo, ambao ni mtu kisheria lakini unaendeshwa kwa mkataba. Tanzania Bara haina chombo hicho. Kwa wilaya zinazofanya biashara kila siku na mpaka wa Sirari, pengo hilo linastahili kujadiliwa bungeni.

Kampuni: mtu wa tatu ndani ya nyumba

Sheria ya Makampuni ya 2002 inaitaka kampuni binafsi ya kawaida iwe na wanahisa wasiopungua wawili na wakurugenzi wasiopungua wawili. Mume na mke wanatimiza masharti yote mawili bila kumwita mtu wa nje. Kampuni ikisajiliwa, mtu mpya anazaliwa mbele ya sheria: anamiliki, anadai na kudaiwa kwa jina lake, na hafi mwanahisa anapokufa. Hisa ndizo zinazorithiwa, duka linaendelea.

Kanuni hiyo ilitokana na kesi ya familia. Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni mwaka 1892, akimpa mkewe na watoto watano hisa moja moja kati ya hisa 20,007. Kampuni ilipofilisika, wadai walisema kampuni na Salomon ni kitu kimoja. Mwaka 1897 mahakama ya juu ya Uingereza ilikataa: kampuni ni mtu wake, hata kama wenye hisa wote wanakula chungu kimoja.

Mabenki yalijifunza kutokana na kesi za namna hiyo. Kampuni ndogo inayoomba mkopo leo kwa kawaida inaambiwa wakurugenzi waweke dhamana binafsi, na nyumba au kiwanja kiwekwe rehani. Hapo ukuta kati ya kampuni na familia unabomolewa kwa deni lile lile ambalo lingekuwa kubwa kuliko yote. Ukuta unabaki kwa wauzaji, wapangishaji na wateja wanaodai fidia, na hiyo ni kinga ya kweli, lakini ni ndogo kuliko inavyohubiriwa.

Gharama za kampuni haziishi siku ya kusajili. Kila mwaka ripoti inapelekwa BRELA, hata kama hakukuwa na mauzo, na kuchelewa kunazaa faini inayoongezeka. Hesabu zinakaguliwa, na ritani ya kodi lazima iidhinishwe na mhasibu mwenye CPA. Kutoka Bugwema huyo anafuatwa Musoma au Mwanza na analipwa. Kodi ni asilimia 30 ya faida kuanzia shilingi ya kwanza, kisha asilimia 10 ya gawio likitoka kwenda kwa wanahisa. Ile faida ya milioni 12 inalipiwa milioni 3.6, na kilichobaki kikigawanywa chote, 840,000 zaidi. Wanandoa wanaweza kupunguza mzigo kwa kujilipa mishahara halali, lakini mishahara nayo inaleta makato ya kila mwezi na michango ya hifadhi ya jamii.

Hatari inayoniudhi zaidi ni ya hisa. Kwa kuwa sheria inataka watu wawili, mke anaandikwa ili kutimiza idadi: mume hisa 99, mke 1. Anaitwa mkurugenzi, anasaini fomu, anaonekana mmiliki. Siku ndoa inapovunjika, duka ni mali ya kampuni, na mali ya kampuni si mali ya ndoa. Kinachoweza kubishaniwa ni hisa, na kwenye karatasi yeye ana moja kwa mia, yenye saini yake. Kuna hali ambazo mke huyu angekuwa salama zaidi bila kampuni yoyote. Hisa 50 kwa 50 zinaondoa dhuluma hiyo, lakini zinaleta mkwamo: wakigombana, hakuna uamuzi unaopita, na suluhisho linaweza kufika hadi Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake Musoma lakini ada za mawakili wake si za duka la kijijini. Katiba ya kampuni ieleze mapema nani atanunua hisa za nani na kwa bei ya kukadiriwa vipi.

Kikundi na ushirika si njia ya nne

Wanandoa wengine wanaunda kikundi ili wapate mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inayogawiwa wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Mikopo hiyo ni ya vikundi vya kweli. Kuwaandika majirani kama wanachama wa duka la familia kunawapa majirani hao sauti katika mali isiyo yao, na kunaliweka deni juu ya watu ambao hawakula faida. Mke anaweza kuwa kwenye kikundi chake na bado akawa mbia wa mumewe. Hayo ni mambo mawili.

AMCOS nayo ni ushirika wa wakulima wengi. Ila lipo jambo la kuangalia kwa wakulima wa pamba: uanachama ni wa mtu, na malipo hufuata jina. Familia inayolima pamoja ikiwa na mwanachama mmoja, pesa ya msimu mzima inapita kwenye simu moja. Hakuna kinachomzuia mke kuwa mwanachama kwa jina lake.

Shamba na nyumba vikae nje

Kosa linalofanyika katika njia zote tatu ni kuichanganya ardhi na biashara. Shamba la bondeni lipewe hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina ya wote wawili chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kuliingiza kwenye kampuni kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na kampuni ikifilisika shamba linaondoka nayo. Nyumba ya familia tayari ina kinga: haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ridhaa hiyo isitolewe kwa kusukumiwa karatasi dirishani benki. Isomwe nyumbani, na swali liwe moja, tutalala wapi mkopo ukishindikana.

Ukipima yote

Kwa banda la mauzo ya milioni chache kwa mwaka, jina la mmoja linatosha, lakini lisiachwe tupu. Tamko la maandishi la wanandoa kwamba biashara ni ya wote wawili, likitaja mafungu, linaweza kupindua dhana ya kifungu cha 60 kwa gharama ya karatasi na saini ya wakili. Ni hatua ndogo yenye manufaa makubwa, na inawafaa hata wale ambao hawatasajili kitu kingine maishani.

Kwa duka, mashine au biashara ya mazao ambayo wote wawili wanaifanyia kazi kila siku na ambayo ndiyo inayosomesha watoto, ubia ulioandikwa ndio jibu langu. Unalinda mjane na mgane bila kuwabebesha mkaguzi wa hesabu, na kwa faida ya kati unapunguza kodi. Sharti ni mkataba. Ubia usio na mkataba unabeba hatari ya deni bila kuleta faida ya mpangilio.

Pale mmoja wao ana historia ya madeni, majina yatenganishwe, kila mmoja na shughuli yake.

Kampuni ingoje dalili zake: mnunuzi mkubwa au zabuni inayodai kampuni, magari barabarani yanayoweza kuleta madai ya fidia, wafanyakazi wasio wa familia, au watoto watu wazima wanaotaka fungu. Ikifika hapo, wanandoa wagawane hisa kwa uwiano ule ule wa mkataba wao wa ubia, wahamishe mzigo na vifaa kwa orodha iliyosainiwa, wabadilishe leseni na laini za uwakala, kisha waende TRA kufunga rasmi biashara ya zamani na kulipa deni lililobaki, kwa sababu jina lisilofungwa linaendelea kuandikiwa makadirio ya kodi hata baada ya duka kuhama.